Kodi ya injini sio jina la spea: tuongee kuhusu taa ya cheki injini

Taa iliwaka nikiwa foleni ya Ubungo, ile ya njano yenye kapicha ka injini, na kama kawaida yetu kitu cha kwanza nilichofanya ni kuongeza sauti ya redio. Gari yenyewe Toyota IST, injini 1NZ, inatembea fresh tu ila asubuhi sailensa (ule mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka kama abiria anayesinzia kwenye daladala. Kesho yake nikaenda gereji, dogo akachomeka mashine chini ya stelingi, akasubiri kidogo, akasema "bosi mashine inasoma P0171, hapo oksijeni sensa imekufa". Nikalipa elfu 20 ya kupima, nikalipa 90 ya sensa used, akafunga, akafuta kodi, taa ikazima, tukaagana vizuri kabisa.

Siku ya nne taa imerudi. Namba ile ile.

Tukahamia kwenye pampu ya mafuta, tukaja kwenye plagi, na tulipofika kwenye nozeli ndo nikashtuka kwamba hapa mimi nafadhili masomo ya mtu. Nikaamua kukaa chini nijue hizi namba zinasema nini hasa. Haya ninayoandika ndo niliyoyapata, mengine kwa kusoma, mengi kwa kuchafuka mikono.

Samahani mapema na lugha, maana nitakuwa nasema kodi na sensa mpaka utadhani naongelea serikali. Kodi hapa ni zile namba ambazo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaandika ikikutana na jambo lisilo la kawaida, sensa ni vile vidude vinavyopima joto, hewa, mzunguko na kadhalika.

Sasa, P0171 haisemi popote kwamba oksijeni sensa imekufa. Inasema mchanganyiko ni mwepesi, yaani hewa imezidi au mafuta yamepungua, basi. Oksijeni sensa ndo iliyopeleka habari, inakaa kwenye ekzosi inanusa moshi, imenusa hewa nyingi ikaripoti. Dogo akamng'oa aliyeripoti. Wahenga walisema mjumbe hauawi, sisi gereji tunamuua kila siku na bado tunalipia mazishi.

Ni kama zamani kila homa ilikuwa malaria. Mtoto kachemka, anapewa dawa, asubuhi hajapona, kumbe ni sikio. Homa ni ya kweli na kipimajoto hakidanganyi, ila kipimajoto hakijui kuhusu sikio. Mashine ya kupimia gari nayo ni hivyo hivyo, na kosa kubwa linalofanyika mtaani ni kuisoma kama orodha ya manunuzi.

Kontroli boksi haina macho. Haioni mpira uliopasuka wala plagi iliyoisha, inachoona ni volti tu. Sensa ya joto la maji inaleta volti, sensa ya hewa inaleta volti, sensa ya krenki inaleta mapigo ya mzunguko, na ndani ya boksi kuna meza inayosema kwa hali hii tegemea volti hizi. Kinachokuja kisipolingana na meza kwa muda fulani, inaandika kodi. Kwahiyo kodi nyingi ukizisoma taratibu ziko za aina mbili: kuna zinazosema waya au sensa hii inatoa volti ambazo haziwezekani, na kuna zinazosema sensa zote zinaongea vizuri ila injini yenyewe inafanya kitu cha ajabu. P0171 ni ya aina ya pili. Hapo kubadilisha sensa ni kamari.

Kuhusu herufi na namba zenyewe nisikae sana. P ni injini na gia boksi, B ni bodi kama eabegi, C ni chasisi kama ABS, U ni boksi za gari kushindwa kuongea zenyewe kwa zenyewe. Namba inayofuata herufi ikiwa 0 maana yake kodi ni ya wote, P0171 ya Toyota ni P0171 ya Mazda. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya mtengenezaji mwenyewe, hapo usitafute maana kwenye orodha ya gari nyingine utapotea. Namba inayofuata hiyo ndo inakupa mtaa: 1 na 2 mafuta na hewa, 3 moto na kumisi (silinda kushindwa kuunguza mafuta yake), 4 mambo ya moshi, 5 sailensa na spidi, 6 boksi yenyewe, 7 na 8 gia boksi. Utaratibu huu ulilazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996 kuendelea, lengo likiwa hewa chafu na sio kumsaidia fundi, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ndo maana kodi nyingi zinahusu moshi hata kama gari yako inakimbia vizuri.

Turudi kwenye IST yangu, maana hapa ndo pana utamu.

Petroli inataka hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya mafuta ili iungue vizuri. Kontroli boksi inapima hewa inayoingia, inapiga hesabu ya mafuta, inafungua nozeli kwa muda fulani, halafu inamuuliza oksijeni sensa nimepatia? Akisema hewa imezidi, inaongeza mafuta kidogo. Akisema mafuta yamezidi, inapunguza. Hii inaendelea muda wote unaendesha, na hayo marekebisho yanaandikwa kwa asilimia, mafundi wanaita fyueli trimu. Ipo ya muda mfupi inayochezacheza na ipo ya muda mrefu ambayo ni kama kumbukumbu ya mazoea. Ikiwa ndani ya 10 kwenda juu au chini, gari iko poa. Ikifika kwenye 25 hivi, inategemea na gari, boksi inasema mimi nimeongeza mafuta mpaka basi na bado huyu ananiambia hewa nyingi, inaandika P0171 inawasha taa.

Trimu hizi zinaonekana laivu kwenye mashine, hata kile kidude cha blututhi cha elfu 30 kinazionyesha kwenye simu. Dogo hakuzifungua. Alisoma kodi akafunga ukurasa. Mimi nilipozifungua nikakuta sailensa ikiwa imetulia, gari imepata moto, trimu ya muda mrefu iko 26. Nikakanyaga mafuta nikashikilia kwenye RPM 2500, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ikashuka taratibu mpaka 7.

Hilo tu lilikuwa limeshajibu nusu ya swali. Gari ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo sana, kwahiyo kama kuna kitundu kinachoiba hewa baada ya throto (kile kimlango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta), ule wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, hewa halali inaingia nyingi na kile kitundu kinabaki kile kile, hakisumbui. Mwaga kijiko cha maji kwenye kikombe cha chai utajua, mwaga kwenye sufuria la shughuli hakuna atakayesema kitu. Sasa ingekuwa oksijeni sensa imekufa, au pampu imechoka, isingekuwa na tabia hiyo. Pampu iliyochoka inafanya kinyume: sailensa trimu iko vizuri, ukianza kupanda mlima Kitonga na mzigo trimu inapanda na gari inakosa nguvu, maana hapo ndo mafuta mengi yanahitajika na hayaji. Sensa ya hewa ikiwa chafu nayo inafanana na pampu kidogo, inahesabu hewa pungufu ukikanyaga. Hii usiifute na kitambaa, ina kawaya kembamba kama unywele, kuna dawa yake ya kupuliza na kabureta klina sio dawa yake.

Basi nikaanza kuwinda kitundu. Injini ikiwa inaunguruma nikachukua ile chupa ya kupulizia ya kunyooshea nguo, maji ya kawaida, nikawa napuliza mpira mmoja mmoja unaoingia kwenye menifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Mafundi wengi wanatumia kabureta klina, inafanya kazi haraka zaidi ila unapuliza kitu kinacholipuka karibu na ekzosi ya moto, mimi roho yangu ni moja. Nilipofika kwenye mpira wa PCV, ule unaotoka kwenye kifuniko cha juu kurudisha moshi wa injini kwenye menifoldi, sailensa ikashtuka. Nikainama nikasikia ssss. Mpira kwa juu mzuri kabisa, ila kwenye kona, upande wa chini ambao hauuoni bila kuingiza kidole, umekauka kwa oili na joto ukapasuka urefu wa kucha. Nikaukaba kwa vidole huku naangalia simu: sauti ikakata, sailensa ikatulia, trimu ya muda mfupi ikaanza kuporomoka, na ile ya muda mrefu ikaifuata pole pole, 26, 22, 17. Nilikaa pale nimeinama kama dakika nzima nikiangalia namba zinashuka, mke wangu akatoka kuuliza kama nimeumia.

Mpira elfu 6. Oksijeni sensa ya zamani ninayo mpaka leo, nimeipima, inacheza kati ya 0.1 na 0.9 ya volti kama inavyotakiwa. Nzima.

Sasa zile kodi za aina ya kwanza, za volti zisizowezekana, ni rahisi zaidi na ndo zinazoliza watu kwa ujinga. Unapeleka gari sevisi, filta ya hewa inatolewa inapulizwa na kompresa, inarudishwa, unaondoka, kilomita mbili taa inawaka na gari inakunywa mafuta. Mashine inasoma P0102 na P0113 kwa pamoja, kwenye Toyota za zamani kidogo P0100 na P0110. Ya kwanza inasema sensa ya hewa haileti kitu, ya pili inasema joto la hewa inayoingia halieleweki. Mtu atakwambia sensa mbili zimekufa kwa mkupuo. Ukifungua namba laivu unakuta joto la hewa limeandikwa digrii 40 chini ya sifuri. Hapa Dar, saa saba mchana! Hiyo sio sensa mbovu, huo ni waya uliokatika au soketi iliyochomolewa, maana boksi ikikosa kabisa mawasiliano na sensa ya joto inasoma baridi ya mwisho wa meza yake. Na kwenye Toyota nyingi hizi sensa mbili ziko kwenye kidude kimoja, soketi moja, pale pale juu ya boksi la ea klina. Aliyepuliza filta kasahau kurudisha soketi. Sekunde tatu, bure.

Kwahiyo kabla hujamruhusu mtu akuuzie sensa ya joto, iwe ya hewa au ya maji, mwambie akuonyeshe inasoma ngapi. Ikisoma 40 chini ya sifuri, fuata waya kwanza. Panya wanakula waya jamani, hasa gari ikilala nje karibu na stoo ya mahindi.

Kumisi nako kuna ujanja wake ambao hauhitaji hata mashine ya maana. P0300 ni kumisi kwa kuhamahama, P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda. Raum ya shemeji yangu ilikuja na P0302, inatetemeka taa nyekundu za barabarani mpaka kioo cha pembeni kinacheza, na tayari alishaambiwa anunue koili nne, vile vidude vinavyozalisha moto wa plagi. Injini hizi za 1NZ kila silinda ina koili yake imekaa juu ya plagi, boliti moja tu la spana namba 10. Nikatoa ya silinda ya pili nikaihamishia ya nne, ya nne nikaileta ya pili, nikafuta kodi, nikamwambia zungusha mtaa. Karudi, tumechomeka, P0304. Ugonjwa umehama na koili, kwahiyo koili moja tu, tatu zilizobaki hazina kosa. Ingebaki P0302 hapo koili unaiacha unahamisha plagi, ikigoma tena unaangalia nozeli, na ikigoma zote unapima kompresheni ya silinda, na hapo kwenye kompresheni ndo omba Mungu.

Ila kabla ya yote chungulia kwenye shimo la plagi. Nusu ya gari ninazoona zinamisi ghafla zimetoka kuoshwa injini, kijana wa kuosha kapiga maji ya presha juu ya koili, maji yamekaa kwenye shimo, moto unakimbilia kwenye maji badala ya kwenye plagi. Ukikuta oili humo badala ya maji, hizo ni sili za kifuniko cha juu. Na ukipata P0300 silinda zote zinahamahama, usihangaike na koili kabisa, tafuta kitu ambacho zote zinachangia: mafuta, hewa, na usisahau sheli uliyojaza jana, petroli iliyochakachuliwa inamisi vizuri sana.

Jambo moja hapa sio la utani. Taa ikiwaka na kutulia unaweza kufika nyumbani. Ikianza kupepesa wakati unaendesha, maana yake kumisi ni kukubwa kiasi kwamba petroli isiyoungua inaenda kuunguzwa ndani ya masega, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, na masega yanapata moto mpaka yanayeyuka. Toa mguu kwenye mafuta, paki.

Na tukiwa kwenye masega, P0420. Kuna oksijeni sensa ya pili nyuma ya masega, kazi yake ni kulinganisha na ya mbele. Masega yakiwa mazima, ya mbele inacheza na ya nyuma imetulia. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, boksi inasema masega hayasafishi tena. Hapa bongo sababu mara nyingi ni fupi: masega hayapo. Yalitolewa yakauzwa, maana ndani yana platinamu na paladiamu na rodiamu na wanunuzi wanajulikana, mwenye gari akaambiwa "itakuwa nyepesi". Kama yapo kweli, basi angalia kwanza ekzosi haivuji kabla ya sensa na gari haimisi wala haili oili, kwa sababu masega huwa hayafi yenyewe, yanauawa na tatizo jingine ambalo ukifunga masega mapya litayaua tena.

P0011, au P1349 kwenye baadhi ya Toyota za zamani, watu wanaogopa sana kwa sababu inataja taiming na fundi anaanza kuongelea kushusha injini. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha taiming ya valvu, inasukumwa na presha ya oili, ndo hivyo tu, hakuna umeme unaozungusha ile gia ya kamshafti, umeme unafungua valvu na oili inasukuma. Oili ikiwa chafu, pungufu, au umeweka oili nzito ya lori kwenye injini inayotaka 5W-30 kwa sababu muuzaji kakwambia "hii ndo inakaa", kitu kinachelewa kusogea na boksi inaandika. Mwaga oili, weka inayotakiwa, safisha kachujio ka ile valvu, halafu ndo tuongee habari za kushusha injini.

Halafu kuna ile siku mashine inaleta kodi saba. Jamaa anapiga picha anatuma kwenye grupu "wakuu gari imekwisha". Sensa saba haziwezi kufa usiku mmoja. Zikija kwa kundi tafuta kinachoziunganisha: pima betri, injini ikiwa imezima inatakiwa 12.6 hivi, ikiunguruma kati ya 13.5 na 14.5. Angalia eathi, zile nyaya zinazofungwa kwenye bodi na injini, hasa kama gari iliwahi kugongwa au kupakwa rangi, maana rangi chini ya eathi ni ugonjwa. Pia sensa nyingi zinachangia laini moja ya volti 5 inayotoka kwenye boksi, moja ikipiga shoti inazivuta zote chini. Hapo unachomoa soketi moja moja huku unaangalia kama volti 5 imerudi, ukichomoa yule mchawi zote zinaamka.

Sasa kufuta kodi. Watu wanaipenda hii kwa sababu taa inazima na taa ikizima roho inatulia. Wengine wanachomoa betri dakika kumi. Tatizo unapofuta unafuta na ushahidi. Kodi ikiandikwa boksi inapiga picha ya hali ilivyokuwa pale pale, spidi, RPM, joto la maji, mzigo wa injini, trimu, inaitwa frizi fremu. Hii ni dhahabu. P0171 iliyopigwa picha ikiwa sailensa na P0171 iliyopigwa picha ukiwa spidi 100 ni magonjwa mawili tofauti, na umeona mwenyewe kwenye IST tofauti ilikuwa shilingi ngapi. Piga picha kwa simu kila ukurasa ndo ufute. Ukichomoa betri unapoteza pia mazoea ya trimu na ya sailensa, kwahiyo gari itakusumbua siku mbili tatu halafu utadhani umepata tatizo jipya.

Na usishangilie taa ikizima. Kodi nyingi za mchanganyiko na kumisi zinataka tatizo litokee safari mbili mfululizo ndo taa iwake, ya kwanza inakaa kama kodi inayosubiri. Ndo maana dogo wa gereji anakuaga vizuri na wewe unarudi siku ya nne, hakukudanganya, boksi ilikuwa haijamaliza kuhesabu. Ukitengeneza kweli na ukaacha bila kufuta, taa inazima yenyewe baada ya safari tatu safi. Mimi siku hizi nikitengeneza cha kwangu naacha izime yenyewe, ndo risiti yangu.

Mashine ipi? Kile kidude cha blututhi cha ELM327 na programu kama Torque au Car Scanner kinatosha kwa P zote na namba laivu. ABS na eabegi mara nyingi kinashindwa, hapo nenda kwa mwenye mashine ya Launch au Autel. Ila kuna kero moja: magari mengi yetu ni ya soko la Japani lenyewe, na yale ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu lile lile la pini 16 ila lugha ya ndani sio ile ya Marekani, kidude kinachomeka vizuri kabisa halafu hakiongei. Watu wanatupa kidude kumbe kizima. Ndugu zetu wa Kenya wanapata shida hii kidogo kwa sababu kule gari ya zaidi ya miaka 8 haiingii.

Wenye Toyota za zamani, GX100, Corolla 110 na wenzake, msijisikie wapweke, nyie hamuhitaji mashine kabisa. Fungua boneti tafuta kaboksi keusi kameandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, angalia taa ya cheki injini. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kodi. Ikiwa ipo itahesabu: mipepeso miwili, kapumziko, mipepeso miwili, hiyo ni 22, joto la maji. Mbili na moja ni 21, oksijeni sensa. Nne na moja ni 41, throto. Hakikisha tu umesoma vizuri kifuniko, ukiunganisha B+ na E1 utatafuta fyuzi usiku.

Hili la mwisho ni kwa wanaonunua gari kwa mtu. Kabla ya kupiga stata washa swichi, angalia taa ya cheki injini inawaka. Lazima iwake pale, inajijaribu yenyewe. Isipowaka huenda kuna mtu kaing'oa, na ikiwaka na kuzima pamoja na taa ya oili kwa sekunde ile ile shuku kwamba zimeunganishwa. Ikiwa iko sawa chomeka kidude chako ufungue ukurasa unaoonyesha boksi imeshakamilisha vipimo gani vya ndani. Gari inayotembea kila siku vipimo vingi vinakuwa vimekamilika. Ukikuta karibu vyote bado, kodi imefutwa jana au leo asubuhi. Hapo usigombane na muuzaji, mwambie tu gari umeipenda, utarudi Jumamosi, na aendelee kuitembelea mpaka siku hiyo.